Mpapasa Kinanda Aliyeitwa Mwandishi

Jina la Mganga nililiona kabla ya jina la Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani. Nilikuwa na miaka 16, nimeketi sakafuni nyumbani kwa mjomba wangu mjini Busia, upande wa Uganda, na nje trela zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri kuvuka forodha. Mjomba alikuwa dereva wa Mombasa hadi Kampala. Kila safari alirudi na muziki alioununua njiani, na safari ile alirudi na sidii aliyopewa na dereva mwenzake badala ya pesa aliyokuwa akimdai. Jalada lilikuwa fotokopi, picha imegeuka weusi mtupu, ila majina yalisomeka: Mwandishi. Mchezaji. Jabali. Mganga. Mwile. Pepo Mtoto. Ndugu.

"Mjomba, hawa ni watu wa wapi?"

"Wamarekani hao."

"Na majina haya?"

"Ndiyo majina yao. Weka tusikie."

Nikaweka. Besi ikaanza kuzunguka, na juu yake ikaja sauti ya kinanda cha umeme, kama kengele iliyofunikwa kwa kitambaa. Nilijaribu kupiga mguu sambamba na mzunguko ule, nikakosea. Nikaanza upya, nikakosea tena. Kila nilipodhani mzunguko umerudi mwanzo, ulikuwa umeshanitangulia nusu hatua. Mjomba alisinzia kitini kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Mimi nilikaa pale hadi betri za redio zikaanza kuvuta sauti.

Sisi wa Busia Kiswahili ni chetu cha sokoni, cha mpirani, cha boda boda, usafiri ambao hata jina lake lilizaliwa pale pale mpakani. Lakini nilipokwenda Kampala kusoma niliwakuta wazee ambao ukiwaamkia kwa Kiswahili wananyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kwao hiyo ni lugha ya kambini, lugha ya mwanajeshi agongaye mlango usiku. Sina haki ya kuwalaumu, waliyaona waliyoyaona. Albamu ile ya Mwandishi ilirekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970, na siku 25 baadaye Idi Amin akaipindua serikali hapa kwetu. Mwaka 1973 akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Yaani katika miaka ile ile ambayo lugha hii ilikuwa ikitia hofu masikioni mwa watu wa Kampala, ng'ambo kulikuwa na Wamarekani weusi walioichukua na kujivika kama nguo ya sikukuu.

Aliyewavika ni James Mtume, kijana wa kundi la Maulana Karenga, yule aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, mwaka 1966 na kuipa maneno ya Kiswahili kuanzia umoja hadi imani. Desemba 1969 Hancock alipapasa kinanda katika albamu ya mpiga ngoma Albert Heath iitwayo Kawaida, Mtume akiwemo, na mambo ya majina yakashika kasi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Billy Hart, kwenye ngoma, akawa Jabali, na ukimsikia hutauliza kwa nini. Mganga alikuwa Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye kweli alisomea udaktari. Mwile ni Bennie Maupin. Sisi tungesema mwili, lakini nia ilikuwa hiyo hiyo, mwili wenye afya. Na Julian Priester wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto, jina ambalo bibi yangu angelisikia angetaka kujua kwanza ni pepo wa aina gani.

Jina lililonisumbua ni la kiongozi wao, Hancock mwenyewe. Mtu anayebuni muziki papo kwa papo, hana karatasi mbele yake, anaitwaje Mwandishi? Nimelibeba swali hilo zaidi ya miaka 20, nikipiga kinanda kanisani Jumapili na hotelini Ijumaa, na kufundisha watoto siku zilizobaki. Leo nataka kuliandikia jibu langu.

Nianze na neno ambalo Kiswahili kinalo na ambalo naona linamfaa kuliko yote. Waandishi wetu wa habari za dansi husema mpiga gitaa, mpiga ngoma, mpuliza saksafoni. Ila wakifika kwenye kinanda wanasema mpapasa kinanda. Kupapasa ni kazi ya mkono usiosaidiwa na jicho. Umeme ukikatika unapapasa kiberiti. Kipofu anapapasa uso wa mjukuu wake ajue amekua kiasi gani. Ukisikiliza solo za Hancock, hasa zile alizopiga kwenye Fender Rhodes, kinanda cha umeme, unasikia hivyo hasa: mkono unagusa kitu, unasita, unakizunguka, unakitambua, ndipo unakishika.

Lakini anapapasa nini? Hapo ndipo watu wengi wanaomchambua wanaponiacha. Wanahesabu skeli, yaani ngazi za noti, wanaeleza kodi, zile noti tatu au nne au sita zinazobonyezwa kwa pamoja, na wanasema kweli: upangaji wake wa sauti ni wa ajabu, aliujenga kwa kusikiliza kundi la waimbaji la The Hi-Lo's na mpangaji wao Clare Fischer, na kwa mtunzi Mfaransa Ravel, na kwa mpiga piano Chris Anderson kule Chicago alikozaliwa mwaka 1940. Alipokuwa na miaka 11 alishapiga Mozart na okestra ya Chicago. Yote hayo yapo vidoleni mwake. Ila kwa masikio yangu, anachokipapasa Hancock si skeli. Anawapapasa wenzake. Solo yake ni kuitikia.

Kuna tukio analolisimulia mwenyewe mara nyingi. Alikuwa na kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis, ambalo alijiunga nalo mwaka 1963 akiwa na miaka 23, na walikuwa Stuttgart, Ujerumani, wakipiga wimbo wa So What. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Miles akiwa katikati ya solo yake, Hancock akabonyeza kodi isiyo mahali pake kabisa. Anasema alijiziba masikio kwa mikono. Miles alinyamaza kidogo tu, kisha akapiga noti zilizoifanya kodi ile iwe sahihi. Hancock anasema ilimchukua miaka kuelewa kilichotokea: Miles hakuisikia kama kosa. Aliisikia kama jambo lililotokea, na kazi yake ilikuwa kulipokea.

Nilipolisoma simulizi hilo mara ya kwanza nililipenda kama watu wote wanavyolipenda. Nililielewa siku nyingine, Ijumaa moja usiku, katika hoteli moja hapa Kampala. Kibodi yangu ina kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, yaani sauti ya kinanda kizima. Kanisani mwimbaji alikuwa ameomba tupande nusu sauti, nikapandisha, na wiki ikapita bila mimi kukirudisha. Tulikuwa wawili, mimi na kaka mmoja wa saksafoni kutoka Jinja. Tukaanza pamoja. Yeye akaingia kwenye ufunguo wetu, mimi nikaingia nusu sauti juu yake. Sauti ile iliukuna ukumbi mzima, hata mhudumu aliyekuwa na trei akasimama.

Yule kaka hakunigeukia. Alishikilia noti yake, akaivuta ndefu. Halafu akapanda nusu sauti hadi kwenye yangu, akashuka tena kwenye yake. Akafanya hivyo mara ya pili, mara ya tatu, polepole, mpaka ile nusu sauti ikawa wimbo. Kidole changu cha kushoto kilikuwa kinakitafuta kitufe gizani, na nilipokipata na kushuka, alinipokea chini kama watu tuliokuwa tumekubaliana. Zamu yangu ya solo ilipofika sikuwa na kitu kingine cha kuanzia ila noti zile zile, chini, juu, chini. Nikaanzia hapo.

Kuanzia mwenzako alipoishia. Washairi wetu wana bahari iitwayo pindu, wengine huiita mkufu au nyoka: maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Na malenga wakilumbana papo kwa papo, anayejibu hulazimika kuchukua vina vya mwenzake, la sivyo hajajibu, amepiga kelele zake tu. Sikiliza Cantaloupe Island, iliyorekodiwa Juni 1964, kwa sikio hilo la pindu. Wimbo una vipimo 16, yaani mafungu 16 ya mapigo, na kodi chache mno, mtoto wa mwaka wa pili anaweza kuzipiga. Korneti ya Freddie Hubbard, ndugu wa tarumbeta, inasema yake na kumaliza. Hancock anaingia na visentensi vifupi vyenye harufu ya bluzi, na mkia wa kila kimoja anaufanya kichwa cha kinachofuata. Akifika mwisho unaweza kurudi nyuma, kiungo kwa kiungo, hadi mwanzo. Hiyo kweli ni kazi ya mwandishi: hakuna sentensi iliyotoka hewani.

Wanafunzi wangu hudhani mpiga jazi hodari ni mwenye noti nyingi. Nawaelewa, nami nilikuwa hivyo. Basi huwaambia habari ya siagi. Hancock akiwa bado na Miles alifika mahali akajiona anajirudia, kila solo ni ile ile ya jana. Miles akamwambia kitu ambacho yeye alikisikia hivi: usipige noti za siagi. Akakaa akiwaza siagi ni nini katika muziki. Akaamua kuwa ni zile noti zilizo dhahiri mno, ya tatu na ya saba ya kila kodi, ambazo ndizo zinazomwambia msikilizaji hapa pana furaha, hapa pana huzuni. Akaanza kuziacha. Na ukiziacha hizo, mkono wa kushoto hauna tena kazi yake ya kila siku. Ukisikiliza albamu ya Miles Smiles, ya 1966, kuna nyimbo ambazo solo yake yote ni mkono wa kulia peke yake, mstari mmoja kama wa mpuliza tarumbeta, na kushoto kimya.

Mtu yeyote aliyeimba kwaya kwa do-re-mi anaweza kulijaribu jambo hili jioni ya leo. Imba do, mi, so, wenzako watatu, kila mmoja na sauti yake. Sasa mwambie wa mi apande hadi fa, abaki hapo asishuke. Mmesikia? Kodi imening'inia. Haijasema ni ya furaha au ya msiba, mlango umeachwa wazi na kila anayekuja anaweza kuingia. Wimbo wake wa Maiden Voyage, wa Machi 1965, umejengwa kwa mning'inio huo. Vipimo 32, kodi nne tu, kila moja inakaa vipimo vinne kamili kabla haijahama. Mpigaji asiye na la kusema hapo atafedheheka, kwa sababu kodi hazimsukumi kokote. Hancock hasukumwi. Anaweka kitu kidogo, anamsikiliza Tony Williams kwenye ngoma na Ron Carter kwenye besi, anaweka kingine. Mara nyingi nafasi kati ya sentensi zake ni ndefu kuliko sentensi zenyewe, na ni humo ndani ya nafasi ambamo Williams anamjibu. Ukitaka kumjua Hancock, usiyaelekeze masikio yako kwenye kinanda tu. Sikiliza kilichopigwa na wengine sekunde moja kabla hajaingia.

Turudi kwenye wimbo ulionishinda Busia. Unaitwa Ostinato, Hancock aliutunga kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi. Mzunguko wake una mapigo 15 ya nusunusu. Njia niliyoipata ya kuuhesabu ni hii: tembea hatua nne za kawaida, kisha hatua tatu na nusu. Ile nusu ndiyo iliyokuwa ikiniangusha. Nilipotimiza miaka 30 na kitu ndipo nilipoweza kuupiga mezani kwa viganja bila kupotea, na siku hiyo nilimpigia mjomba simu. Hakukumbuka wimbo wenyewe, lakini alifurahi nami.

Kilichonisaidia ni amadinda, marimba ya Buganda. Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, yana ukumbi wa vyombo vya muziki, na nilipokuwa mwanafunzi nilipenda kukaa humo. Lakini ni mzee mmoja wa Mukono aliyenikalisha kwenye mti wenyewe. Amadinda ni vipande 12 vya mbao vilivyolazwa juu ya migomba, na watu hukaa pande mbili wakitazamana. Omunazi anaanza. Omwawuzi anaingia katikati ya mapigo yake, noti zake zikikaa katika mianya ya mwenzake, hawagongani hata mara moja, na kasi ni kubwa hata ukitazama mikono huamini. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za mwisho, na kazi yake ni kusikiliza kinachozaliwa kati ya wale wawili na kukirudia juu.

"Usihesabu, mwanangu," mzee aliniambia nilipopotea kwa mara ya tano. "Msikie yeye. Ukimsikia yeye, mahali pako utapaona."

Nikiwa njiani kurudi mjini, ndani ya taksi iliyojaa, nikavaa visikilizio na kuweka Chameleon, wimbo wa kwanza wa albamu ya Head Hunters ya 1973. Nilikuwa nimeusikia mara mia. Mara ile ndipo nilipousikia. Hancock anaanza peke yake na ile besi nzito, ambayo si gitaa la besi, ni sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, aina ya ARP Odyssey. Ngoma za Harvey Mason zinaingia. Paul Jackson anaingia na gitaa lake la besi huku juu, katika mianya. Kisha Hancock tena, na klavineti, kinanda kingine cha umeme, akichomeka mikato yake pale ambapo wengine wamepaacha. Hakuna hata mmoja wao anayeupiga wimbo mzima. Wimbo uko kati yao. Kodi ni mbili tu kwa dakika na dakika, na solo ya sintesaiza inapofika, ile yenye sauti inayopindapinda kama mtu anayelalamika kwa furaha, yeye ni omukoonezi: anaokota juu kilichozaliwa chini.

Sidai kwamba Hancock alijifunza kwa Waganda. Lakini ndani ya albamu hiyo hiyo kuna Watermelon Man, wimbo wake wa 1962 kuhusu muuza matikiti wa Chicago na gari lake la farasi, umepigwa upya, na mwanzo wake Bill Summers anapuliza chupa ya bia na kuimba kwa zamu, noti moja chupani, noti moja kooni. Ni namna ya Wabenzele, watu wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao hufanya hivyo kwa filimbi ndogo iitwayo hindewhu. Mtu mmoja akijiitikia mwenyewe! Hao hawako mbali nasi. Nilifurahi siku nilipolijua hilo, na bado nafurahi.

Wapo wanaomgawa Hancock vipande viwili, yule wa piano aliye mwanamuziki na yule wa umeme aliyefuata pesa. Siwakubali. Head Hunters iliuza zaidi ya nakala milioni moja, ni kweli, na kundi la Mwandishi lilivunjika mwaka 1973 kwa sababu halikuweza kujilipa. Lakini mkono ni ule ule. Alisomea kwanza uhandisi wa umeme chuoni, na Miles alipomtaka akae kwenye kinanda cha umeme hakukidharau, alikipapasa aone kina nini. Wimbo wake wa Rockit, wa 1983, mimi siupendi sana, humo namsikia zaidi mashine kuliko wenzake. Hiyo ni habari ya sikio langu.

Ninayempenda ni Hancock wa ile miaka mitatu ya majina ya Kiswahili. Wandering Spirit Song, unaojaza upande mzima wa pili wa Mwandishi, una dakika zaidi ya 20, na kuna mahali humo ambapo huwezi kusema nani anaongoza. Kila mmoja anaandika na kila mmoja anasoma. Ndiyo maana sasa naona jina alilopewa linamfaa. Mwandishi mwema huandika kwa sababu amesoma waliomtangulia, hata kama aliyemtangulia ni mpiga ngoma wa sekunde iliyopita.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wangu wa miaka 14, binti wa jirani. Anapenda kasi, vidole vyake vyepesi kuliko vyangu. Nilimwambia aketi juu ya mkono wake wa kushoto. Mimi nikashika Maiden Voyage kwenye kibodi ya pili, kodi ya kwanza, vipimo vinne, yenye kuning'inia. Akamwaga noti. Nikasimama, nikaanza upya. Akamwaga tena, kidogo kupungua. Mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati, ya kutona tona bado, haijashika.

Mara ya nne kodi ikahama na yeye akawa hajapiga kitu. Kipimo kikapita. Cha pili kikapita. Nikadhani amepotea, nikafungua kinywa nimhesabie.

"Ngoja, mwalimu," akasema, macho ameyafumba. "Nasikiliza."

Nikanyamaza, nikaendelea kushikilia kodi.